Mgambo wa Kigoma na wa Tabora wasome chuo kimoja

Fuatilia vikao vya madiwani huku kwetu magharibi, utaona mgambo, yaani askari wa halmashauri, hawakosi kutajwa. Wanatajwa ajenda ya mapato ya ndani ikifika: wako wangapi, sare zimechakaa, pikipiki ya doria imekufa, ushuru wa soko umeshuka kwa sababu getini hawaonekani. Swali la wamefundishwa nini, na nani, halina mwenyewe. Mtu akishavaa kombati na buti, basi tunamhesabu ameiva.

Mimi nasema hajaiva, na nina pendekezo. Manispaa ya Kigoma Ujiji ikae na Manispaa ya Tabora, waziite na halmashauri nyingine za mikoa hii miwili, wachangie chuo kimoja cha kufundishia askari wa halmashauri. Kigoma tunazo halmashauri 8, Tabora wanazo 8. Kila moja ikijitegemea itaendelea na mtindo uleule wa kuchukua vijana waliopita mafunzo ya mgambo (jeshi la akiba) ya wilaya na kuwakabidhi rungu. Kumi na sita zikichanga, mwalimu wa sheria anapatikana, wa huduma ya kwanza anapatikana, na darasa lenye umeme linapatikana.

Polisi siwaingizi hapa, angalau si kwa mlango wa mbele. Jeshi la Polisi ni la taifa. Kamanda wa mkoa anawajibika kwa Inspekta Jenerali, hawajibiki kwa meya, na kurutu awe ametoka Buhigwe au Newala, depo yake ya mafunzo ni Moshi. Katiba nayo, ibara ya 147, imeshasema kwamba hakuna wa kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Alichonacho mkurugenzi wa manispaa ni mgambo. Na kwa mwananchi wa kawaida huyo mgambo ndiye serikali yenyewe. Muuza dagaa wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, anaweza kumaliza mwaka bila kukanyaga kituo cha polisi, lakini mgambo atakuwa ameshaonana naye kabla ya saa tatu asubuhi.

Niseme nilichokiona katika mji mmoja wa kanda hii, ambao sitautaja kwa sababu ungeweza kuwa wowote. Kijana wa mgambo, buti moja ina kamba na nyingine imefungwa kwa uzi wa katani, amesimama mbele ya mama anayeuza karanga na mihogo. Anadai ushuru. Mama hakatai, hela anayo mkononi, ila anataka risiti. Mashine ya POS imeishiwa karatasi. Kijana anasema toa tu, risiti utaletewa. Mama anasema, "Mwanangu, wiki iliyopita mlisema hivyohivyo." Kijana akakosa la kusema, na mwenye sare akikosa la kusema hutafuta la kufanya: akaibeba mizani ya mama. Mzee mmoja fundi cherehani aliyekuwa pembeni akamuuliza, kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, hiyo mizani unaichukua kwa kifungu gani?"

"Kwa amri, babu."

"Amri ya nani?"

"Ya kazini."

Wala sikumwona mbaya. Ukimtazama usoni, alikuwa na hofu kuliko yule mama. Ni wazi hakuna aliyewahi kukaa naye akamfungulia sheria ndogo za ushuru, akamwonyesha ni wapi zinamruhusu kushika mali ya mtu, ni wapi hazimruhusu, na afanye nini mashine ikigoma.

Mafunzo ya jeshi la akiba yanayotolewa wilayani siyabezi. Ukienda siku ya kuyafunga utafurahi: kwata inapigwa mpaka vumbi linasimama, vijana wanaonyesha kupigana bila silaha, akina mama wanapiga vigelegele, mkuu wa wilaya anahutubia uzalendo. Ukakamavu na utii wanatoka nao. Hata uwezo wa kukamata mtu upo kisheria, mgambo walipewa tangu mwaka 1975. Lakini shabaha ya mafunzo yale ni ulinzi wa nchi. Kumwondoa mtu aliyepanga nyanya barabarani bila kuzimwaga nyanya zake ni kazi nyingine, ina ufundi wake, na ufundi huo huupati kwa kupiga kwata.

Sisi wa Kigoma tuna somo la ziada, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu wa Manyovu ana shangazi ng'ambo ya mpaka, Burundi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, na waliozaliwa humo miaka ile leo ni watu wazima. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na boti zinakuja na kurudi. Katika mchanganyiko huo, swali la "wewe ni wa wapi?" likitoka kwa mtu mwenye rungu linakuwa zito. Kwamba Muha anatakiwa kuuthibitisha uraia wake mara nyingi kuliko Mtanzania mwingine ni kilio cha siku nyingi hapa, hakihitaji mimi nikieleze. Askari wa halmashauri afundishwe, kwa mifano ya hapahapa, kwamba kuchunguza uraia ni kazi ya Uhamiaji, na kwamba muuza migebuka mwenye lafudhi ya mpakani ni muuza migebuka tu. Mtaala ulioandikwa kwa ajili ya nchi nzima utalipitia jambo hili kwa dakika chache. Chuo chetu kinaweza kulitengea wiki.

Na hapo ndipo polisi wanapoingia kwa mlango wa nyuma. Konstebo aliyetoka depo akapangiwa Kigoma, kwao Mtwara, akae kwanza siku chache darasa moja na hao mgambo. Polisi kata nao waje, wafundishe na wafundishwe. Hawa watu wanafanya kazi mtaa mmoja. Ya nini wajuane kwa mara ya kwanza kwenye vurugu?

Kuchanga nguvu kwa ajili ya ulinzi, watu wa Tabora walishaujua mchezo huo kabla yetu. Sungusungu ilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda wenye dhamana. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji hiki, kijiji jirani kinaupokea, mwizi anakuta kila njia ina watu. Kijiji kimoja peke yake kisingeweza. Serikali ilikuja kuwapa nguvu ya kisheria mwaka 1989. Lakini Sungusungu hao hao walipiga watu, na kuna akina mama waliotuhumiwa uchawi wakafukuzwa kwao. Ushirikiano ulikuwepo, mafunzo hayakuwepo. Ndiyo maana nasisitiza chuo, siyo umoja wa doria.

Marekani, ambako miji ina polisi wake na vyombo vya namna hiyo vinafika takriban 18,000, wamelikuta tatizo hili hili la mji mdogo kushindwa kuendesha chuo. Jimboni Virginia mji wa Alexandria na kaunti za Arlington na Loudoun hupeleka makurutu wao kwenye chuo kimoja cha pamoja. Sisemi kwamba vyuo vya pamoja vimewamalizia ukatili wa polisi. Habari zao tunazisikia hata huku. Cha kuiga kwao ni ile hesabu ya kugawana gharama. Na kama Marekani ni mbali, Moshi kuna chuo cha kikanda cha Uhamiaji, kimepokea maofisa wa nchi nyingine za Afrika. Nchi zimeweza kukaa darasa moja, manispaa mbili zilizounganishwa na reli zinashindwaje?

Najua watu wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma mjini, watakachosema: kitajengwa Tabora. Na huenda kweli kikajengwa Tabora. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu tuliifuata masjala ya Tabora, kidonda hicho hakijakauka vizuri. Lakini majengo tusiyagombee. Tabora ni rahisi kufikika kwa mtu wa Igunga kama ilivyo kwa mtu wa Uvinza, reli ilifika kwao 1912 na kwetu 1914, na mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Wachukue majengo. Sisi tudai kiti cha kudumu kwenye bodi, na tudai kwamba mafunzo ya ziwani yafanyike Kibirizi. Huwezi kumfundisha mtu kukagua boti chini ya mwembe wa Tabora.

Pingamizi la fedha ndilo la kweli. Halmashauri zetu zinajulikana kwa kuahidi michango na kutoileta. Buhigwe haiwezi kutoa sawa na manispaa, na haitakuwa haki kuidai hivyo. Kila halmashauri ilipe kwa idadi ya askari inaowaleta, ilipe kabla hawajapanda treni, na isiyolipa nafasi zake zipewe nyingine. Chuo kikianza kwa kukopesha, muhula wa pili hakuna chuo. Na tafadhali, zisianze ziara za kamati kwenda "kujifunza" Dodoma na Arusha kabla hata mkufunzi mmoja hajaajiriwa. Posho za ziara ya namna hiyo zingetosha kununua karatasi za POS za mwaka mzima.

Madarasa ya kuanzia hayahitaji kujengwa. Miji yote miwili ina vyuo na shule zenye kumbi ambazo wanafunzi wakiwa likizo hukaa tupu. Mawakili wapo, mahakimu wastaafu wapo, wauguzi wapo, na wauza soko wenyewe wapo. Hao nao waitwe, walipwe kama mkufunzi mwingine, wasimame mbele ya darasa waeleze wanavyotendewa.

Ila kundi la kwanza lisiwe la vijana wapya, ingawa ndio rahisi kuwapata na ndio wanaopendeza kwenye picha. Waanze viongozi wao, wale waliokaa miaka kumi kazini na wanaopanga zamu asubuhi. Kijana unaweza kumjaza kila kifungu, lakini Jumatatu atakaporudi kazini atamkuta mkubwa wake palepale, na atafanya anavyoambiwa na huyo.