Njaa ya tumboni kwa mama na sukari ya ukubwani: tuamini kiasi gani?

Mtu akigundulika ana sukari lawama zote zinamwangukia yeye, eti alikula sana, soda zimemponza, kitambi hicho. Kuna ukweli hapo ila kuna watu safari yao ilianza hata hawajazaliwa, na hili linaniuma kwa sababu tunalizungumza kidogo mno.

Ushahidi unaotajwa sana ni wa Uholanzi. Kwenye Vita ya Pili ya Dunia Wajerumani walibana chakula, na kati ya Disemba 1944 na Aprili 1945 mtu wa Amsterdam alikua anapata kalori kama 400 mpaka 800 tu kwa siku. Waliokua tumboni kipindi hicho walipopimwa wakiwa na miaka kama 50, miili yao ilikua inashindwa kushusha sukari vizuri. Watafiti wa Uingereza, Hales na Barker, walishatoa maelezo yao mwaka 1992, kwamba mtoto akikosa lishe tumboni mwili unalinda ubongo kwanza, kongosho linalotengeneza insulini, ile homoni ya kushusha sukari, linapunjika, baadae akianza kula vya kutosha insulini haitoshi.

Sasa wanaopinga nao wana hoja nzito. Leningrad, mji wa Urusi, ilizingirwa na Wajerumani kwenye vita hiyohiyo na njaa yake ilikua kali kuliko ya Uholanzi, lakini waliokua tumboni wakati ule walipopimwa, matokeo yakatoka 1997, sukari zao hazikuonyesha tofauti. Wengine wakasema ni kwa vile Waholanzi walirudi kwenye shibe haraka na Warusi hawakurudi. Halafu China, njaa ya 1959 mpaka 1961, tafiti kibao zikasema sukari imeongezeka, kumbe nyingi zililinganisha waliozaliwa kwenye njaa na waliozaliwa baada yake, yaani wadogo kwao, na sukari si inakuja na umri? Ukilinganisha watu wa umri unaofanana athari inayeyuka. Mmoja wa waliolisema hilo ni mtafiti Lumey, ambae ndo ameichunguza sana njaa ya Uholanzi, kwahiyo huwezi kusema ana chuki na hoja yenyewe.

Na ni huyohuyo Lumey na wenzake, 2024, walioangalia watu zaidi ya milioni 10 waliozaliwa Ukraine kati ya 1930 na 1938. Sehemu zilizopigwa zaidi na njaa ya 1932 na 1933, waliokutwa na njaa hiyo wakiwa tumboni, mimba ikiwa changa, uwezekano wao wa kupata kisukari aina ya pili ulizidi mara mbili. Mimi hapa ndo nashawishika, maana Ukraine baada ya pale haikua nchi ya shibe, kwahiyo ile hoja ya kurudi kwenye shibe peke yake haitoshi, kinachobeba uzito ni miezi ile ya mwanzo.

Tanzania mwaka 2022 watoto 30 kati ya 100 chini ya miaka mitano walikua na udumavu, na kinamama wengi kliniki wanaanza mimba ikiwa na miezi minne, mitano. Ushauri wa lishe unawafikia miezi hiyo ishapita. Kama Ukraine inasema kweli, chakula kinatakiwa kimfikie binti kabla hajashika mimba, na hapo bajeti zetu hazipo kabisa.