Bangili ya sumaku si mashine ya hospitali

Asanteni kwa habari yenu iliyosema kwamba sumaku huunga mifupa iliyovunjika na kwamba gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo) huota upya, ila mmeweka kapu moja bangili za mtaani na mashine za hospitali. Naomba mrekebishe, maana watu wanaumia.

Mdogo wangu alivunjika muundi kwa ajali ya bodaboda. Miezi sita baadaye picha ya eksirei ilikuwa bado na ule mstari mweusi, mfupa haujashika. Mchuuzi mmoja akamuuzia bangili, akaivaa juu ya kovu mpaka ngozi ikababuka, na kliniki akaacha kwenda. Niliumia sana kuona vile.

Sayansi yenyewe ipo. Mwaka 1957 Wajapani Fukada na Yasuda walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa chaji ndogo ya umeme. Baadaye Andrew Bassett, daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Columbia, akatumia koili (waya uliozungushwa duara nyingi) zenye umeme unaopigapiga, na mwaka 1979 Marekani ikaidhinisha kifaa cha namna hiyo kwa mifupa iliyogoma kuunga. Mgonjwa hukivaa saa nyingi kila siku, kwa miezi. Siri iko kwenye kule kubadilika kwa uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka koili: ndiko kunakozalisha umeme ndani ya mfupa. Sumaku iliyotulia mkononi haifanyi hivyo.

Hata koili hizo, matokeo ya majaribio hayalingani, na kwa gegedu la goti ushahidi ni mwembamba zaidi. Mnaposema "gegedu huota upya", mmeipata wapi?