Imani ya mchoraji na ziwa tusiloliona

Kila zinapotundikwa picha dhahania za mandhari, yaani zisizoonyesha vitu kwa maumbo yake halisi, hurudi hoja moja: imani ya mchoraji ni siri yake na Mola wake, na picha ihukumiwe kwa mistari na rangi zake tu. Hapa Kigoma hoja hiyo ina watetezi, tena ni watu wanaoipenda sanaa kwa dhati. Wanamwona mchoraji amepaka mikanda miwili ya buluu na kijivu, akabandika kando yake aya au zaburi, kisha akaeleza kwamba hilo ndilo Ziwa Tanganyika lilivyomjia katika sala. Nao huuliza, bila kejeli, kama sala hiyo haikuletwa kuziba pengo ambalo brashi imeshindwa kuliziba.

Swali hilo ni la haki, na linaungwa mkono na mtu asiyetarajiwa. Marie-Alain Couturier, padre wa Kidominiko aliyepigania sanaa ya kisasa iingie makanisani Ufaransa, alishikilia kwamba ni salama zaidi kumpa kazi msanii mwenye kipaji kikubwa asiye na imani kuliko muumini asiye na kipaji. Kikanisa cha Rothko mjini Houston, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1971, nacho kina picha 14 zenye rangi nzito za Mark Rothko, mchoraji aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, na watu wa dini mbalimbali, pamoja na wasio na dini, huketi mbele yake bila kulazimika kujua yeye aliamini nini.

Mifano hiyo inathibitisha kwamba picha inaweza kumgusa mtazamaji asiyeijua imani ya aliyeichora. Haithibitishi kwamba imani haikufanya kazi yoyote wakati picha inachorwa, na mambo haya mawili huchanganywa mno.

Tulitazame ziwa lenyewe. Kina chake hufika mita 1,470 hivi, na wastani wake ni kama mita 570, lakini oksijeni ya kuwatosha samaki huishia kati ya mita 100 na 200 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji tunayoyaita ziwa haina dagaa wala migebuka, na haifikiwi na jua wala na karabai ya mvuvi. Hata hivyo maji hayo hayakai bure. Upepo wa kusi unapovuma wakati wa kiangazi, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda yakiwa na virutubisho. Humo hustawi viumbe vidogo mno, na viumbe hivyo ndio mwanzo wa chakula cha dagaa wanaoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi. Kitoweo chetu, kwa mzunguko mrefu, kinategemea giza ambalo samaki mwenyewe hawezi kuishi ndani yake. Nalirudia jambo hili kwa sababu linaigeuza hoja nzima: anayechora mitumbwi, ufuko na milima ya Kongo kwa usahihi wote amechora uso wa ziwa, na aliyeijaza kanvasi weusi unaopanda kuelekea ukanda mwembamba wa mwanga hajalikimbia ziwa hata kidogo. (Tena mwezi wa Agosti, moshi wa mioto ya nyika unapotanda, milima ya Kongo ikatoweka na maji yakaungana na anga, hata mchoraji wa vitu halisi hapa kwetu hubakiwa na rangi mbili tu.)

Mpinzani atasema kwamba hiyo ni elimu ya maziwa, haihitaji dini. Ni kweli. Lakini kujua kwamba chini kuna kitu hakumtumi mtu kupaka tabaka juu ya tabaka za rangi zitakazofunikwa zote zisionekane tena. Subira ya kuhudumia ghaibu hujengwa kwa mazoea, na kwa watu wengi wa Ujiji na Kigoma mazoea hayo ni swala tano, rozari au mfungo. Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930 na kujifunza hati ya Kiarabu katika chuo cha Kurani cha baba yake, alipofungwa bila mashtaka mwaka 1975 alichora kwenye vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani ili askari wasivione. Baadaye aliuchora mara nyingi mti wa haraz, unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua wakati wa ukame, akiupunguza hadi ukabaki mistari iliyosimama. Asiyejua lolote kuhusu Uislamu wake ataiona picha nzuri. Kwa maoni yangu, hatajua kwa nini mti huo ulistahili kurudiwa.

Vivyo hivyo kwa mchoraji Alfred Manessier wa Ufaransa, aliyeshika Ukatoliki kwa dhati mwaka 1943 baada ya kukaa kwenye monasteri ya Watrapisti: mkono uliochora ghuba ya Somme ndio uliochora taji la miiba, na namna ya kuchora ni ileile.

Pingamizi la waumini wanaoishuku hata picha isiyo na umbo la kiumbe nitalipitia haraka. Katika Sahihi al-Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, imo riwaya ya Ibn Abbas, sahaba wake, akimshauri mchoraji kwamba, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Mandhari, basi, ndiyo nafasi pana aliyoachiwa.

Wakosoaji wako sahihi katika jambo moja, nalo si dogo: imani haiitakasi rangi iliyovurugika, na mchoraji anayejibu kila swali la ufundi kwa ushuhuda anastahili kubanwa. Ndiyo maana ningependa karatasi inayobandikwa kando ya picha ieleze kazi ilivyofanyika: mchoraji alisimama ufuko gani, mwezi gani, alipaka tabaka ngapi, na kama alifunga au aliswali kabla ya kushika brashi, hilo nalo litajwe mahali pake pamoja na rangi na mafuta. Aya isiyohusiana na kilichomo kwenye kanvasi iondolewe, na mchoraji asiyetaka kuiondoa aulizwe inafanya kazi gani pale.