Nilitaka bahari chumbani, nikaishia na kesi ya jini

Mi kwetu Singida. Naanza na hilo mapema, maana kila ninayemsimulia hii stori ananiuliza "sasa wewe ulishindwaje kujua?" Nilishindwa kwa sababu samaki niliokua nao ni wa kukaanga, na maji ya chumvi niliyoyajua ni ya ziwa Singidani pale mjini. Bahari nimeanza kuiona ukubwani.

Nikahamia Kigamboni kikazi, nikapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita, choo na bafu uani, Luku moja wote. Jioni sina la kufanya, bando ninalo, nikaanza kuangalia zile video za wazungu na akwariamu zao za maji chumvi, tanki dogo tu la mezani lakini ndani sasa, matumbawe ya zambarau, visamaki vya rangi ya chungwa, we acha tu. Halafu jamaa anaanza kutaja bei. Hita. Chumvi maalum ya kukoroga na maji. Mawe yanapimwa kwa kilo, mawe jamani! Nikacheka peke yangu kitandani. Hita Dar es Salaam ya kazi gani? Chumvi ya kununua wakati mi nikizima feni nasikia mawimbi? Nikaona hapa Mungu kanipendelea, wenzetu wanalipia bahari, mi naiokota.

Tanki nilichongesha kwa fundi wa vioo na aluminiamu, kioo cha milimita 6, urefu sentimita 60, upana na kimo 35. Hapo nilikomaa kwenye jambo moja, silikoni. Kuna ile ya mabafuni imewekwa dawa ya kuzuia ukungu, ile inaua samaki, mi nikamsimamia fundi atumie ile ya kawaida inayonuka siki. Akaniangalia. "Kaka, hii nyingine ni nzuri zaidi, haioti kuvu." Namwambia mi nataka viote. Akanyamaza, akaongeza elfu tano kwenye bei.

Sasa maji. Nikaenda ufukweni asubuhi na madumu manne ya lita 20, maji yakiwa yamejaa, nikateka, nikapakia kwenye bajaji. Dereva hakuongea neno njia nzima. Nafika nyumbani Mama mwenye nyumba yuko barazani anachambua mchele.

"Mwanangu, hayo maji ya bahari?"

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Yote hayo?"

"Haya ya kuanzia tu mama, mengine nitakuwa nafuata kila baada ya wiki mbili."

Marahaba yenyewe hakuitikia. Mi mtu wa bara sikujua kwamba Pwani mtu akioga maji ya bahari anatoa nuksi, na kwamba kikombe kimoja kinatosha kufukuza mikosi ya mwaka mzima. Sasa hapo hesabu mwenyewe mtu wa madumu manne ana nuksi ya ukubwa gani. Usiku mlango ukagongwa taratibu, dada mwenye saluni wa chumba cha mbele, kashika kopo kubwa. Biashara imelala, ananinong'oneza, nimgawie kidogo. Nikamgawia. Na kwa bahati mbaya kesho yake akapata maharusi wawili, basi ndo ikawa imekwisha, kuanzia hapo nyumba nzima ikaamini yale maji yana nguvu.

Watu wengi wanaoanza hii kitu wanaua samaki wiki ya kwanza kwa sababu ya haraka. Maji mapya hayana bakteria wa kutosha. Uchafu wa samaki unatoa amonia na amonia ni sumu, sasa inabidi kwanza wazaliane bakteria wa kuigeuza amonia iwe nitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine waigeuze nitraiti iwe nitreti ambayo angalau samaki anaivumilia. Hiyo ni wiki 4 mpaka 6 tanki liko na maji, mchanga na mawe tu, halina samaki hata mmoja. Na ili hao bakteria wapate chakula lazima kitu kioze mle ndani. Mi nikatumbukiza kamba mmoja mbichi wa sokoni.

Kamba alioza vizuri sana. Siku ya tano Mzee wa chumba namba mbili akanisimamisha koridoni, mtu mpole wa swala tano, akaniuliza kwa heshima zote, "Kijana, huko ndani una panya amekufa?" Nikamwambia hapana mzee, ni kamba, nimemwozesha makusudi. Akatikisa kichwa akaondoka. Nikija kujiweka upande wake, jirani yako ana maji ya bahari lita 80, anaozesha kitu gizani, na usiku chumba kinatoa mwanga wa bluu (ni taa tu ya LED, nilinunua Kariakoo) na sauti ya bub bub bub. Hata mi ningekaa mbali.

Ikaja kesi ya Luku. Wakasema pampu yangu inakula umeme. Nikapiga hesabu mbele yao, pampu wati 5, mwezi mzima usiku na mchana haifiki yuniti 4, pasi ya wati 1000 inazimaliza hizo kwa masaa manne. Wakaelewa, wakakasirika zaidi. Na kilichowauma kweli kilikuwa maji ya kunywa. Unajua maji yakikauka kwenye tanki chumvi haiondoki, inabaki, kwa hiyo ukiongezea maji ya bahari chumvi inazidi kupanda, lazima uongezee maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yana klorini, ya kisima pale kwetu yana magadi, nikawa nanunua maji ya kunywa ya dumu. Mama mwenye nyumba akanikuta namimina. "Yaani sisi tunachemsha, mawe yako yanakunywa ya dukani." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Wiki ya sita harufu imekata, maji yamesimama meupe, nikaona sasa wakati wa kuleta wakazi. Bibi wa chumba cha mwisho, mwenyeji wa Mafia, ndo alinielekeza nisubiri bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari inapwa mpaka mbali unatembea kwa miguu kwenye miamba. Nikaenda na ndoo yangu. Kwenye vidimbwi nikapata visamaki viwili vyenye mistari myeusi na njano kidogo mgongoni, nikapata vile vikaa vinavyotembea na nyumba ya konokono mgongoni kama tisa hivi, na kile kidude cha nyota yenye ncha tano. Tumbawe nilikuwa nalitamani, ila kulikuwa na mzee mmoja anatengeneza mtumbwi wake pale akaniambia tumbawe hai usiguse kijana, kuvunja hata kipande ni kesi. Nikaachana nalo.

Sasa kwenye mwamba nikaona chungu. Kidogo, cha udongo, kimevunjika mdomo, kimeota mwani na vitu vya pinki pinki pembeni, yaani kile kile ninachokiona kwenye video za wazungu, wao wananunua cha kutengeneza, mi cha kweli. Nikakichomoa. Yule mzee akaniita.

"We kijana. Hicho chungu kina mwenyewe."

Nikaona aah, hawa wazee wa Pwani, chungu kilichovunjika nacho kina mwenyewe. Nikatoa elfu mbili. Akaiangalia ile hela, akaniangalia mimi, akaangalia chungu, akaipokea. Halafu akaanza kucheka, nikamwacha anacheka mpaka kaukalia mtumbwi.

Wiki ile tanki langu lilipendeza nyie. Wapangaji wakaanza kuja kuangalia, hata Mzee wa namba mbili alichungulia mlangoni. Dada wa saluni akawapa samaki majina, Simba na Yanga. Bibi wa Mafia macho hayaoni vizuri, lakini nilipomshikisha ile nyota akasema "hiki kiti cha pweza hiki." Nikacheka nikamwambia basi bibi kiti tunacho, amebaki pweza tu.

Na kitu nilichokuwa nakionea fahari kuliko vyote ni sponji. Mle ndani ya mdomo wa chungu kulikuwa na kitu cha kahawia, laini, kina tundu dogo pembeni, na lile tundu linafunga na kufungua, linafunga na kufungua, taratibu. Nikasoma kwamba sponji wa baharini wanavuta maji na kuyatoa. Nikawaambia watu, mnaona, chungu changu kina uhai, sponji huyo anapumua. Watu wakasogeza uso kabisa kwenye kioo. Kuna mchana nilimkuta kawa mweupe, nikajua nimezidisha taa.

Vikaa vikaanza kupungua. Navyo vinahamahama, kikikua kinatafuta gamba kubwa zaidi, kwa hiyo nilipoona magamba matupu nje ya chungu nikasema safi, wanahama. Magamba mawili. Kesho yake manne. Yamepangwa kimlima pale mlangoni kama maganda ya karanga kwenye siti ya basi. Siku ya nne yamefika tisa, na mi bado nawaza wamehamia wapi. Siku ya tano Simba hayupo. Hapo ikawa zogo, maana kijana wa chumba namba nne ni Simba damu, akadai mi Yanga nimemtoa makusudi. Mi nikamshuku paka wa Mama mwenye nyumba. Nikafunika tanki na neti ya mbu, nikaweka tofali pembeni huku na huku. Mama akaniuliza tofali za nini, nikamwambia mama sitaki kumsema mtu lakini paka wako tabia zake si nzuri. Akaninunia siku mbili.

Usiku wa tukio Luku iliisha saa saba. Zamu ya kununua ilikuwa yangu na hela nilikuwa nimenunulia maji ya dumu, hilo nalikiri. Pampu ikazima, na pampu ikizima maji yanaishiwa hewa, mle ndani aliyekuwa na pa kwenda akaamua kwenda. Mi nimelala fofofo.

Alfajiri kama saa kumi na moja nikasikia uani, "AUDHUBILLAHI!" Kopo likaruka, likagonga bati. Halafu ile sauti ya mtu anayesoma Ayatul Kursi mbio mbio. Tukatoka wote na tochi za simu. Mzee wa namba mbili kasimama juu ya jiwe la kufulia, mguu mmoja juu kama korongo, kanzu kaikunja mpaka magotini.

"Kimenishika mguu! Kina mikono! Kimenishika nikakikung'uta!"

Tochi zote zikamulika karo la bafu. Pale kwenye simenti yenye maji kuna kitu kama kitambaa kilicholowa. Kahawia. Mara kikawa cheupe mbele ya macho yetu. Mara kikawa na vipele. Halafu kikafungua jicho, lina mstari wa kulala katikati, kikatuangalia mmoja mmoja. Dada wa saluni akapiga yowe moja akajifungia ndani. Kijana wa Simba alikuwa tayari yuko nje ya geti. Mama mwenye nyumba hakumwangalia yule mdudu kabisa, aliniangalia mimi.

"Madumu manne," akasema. "Mimi nilijua tu. Limekuja na maji yako. Lichukue jini lako na vitu vyako."

Nataka kujitetea, na tochi yangu imeangukia lile tundu pembeni ya kichwa. Linafunga, linafunguka. Linafunga, linafunguka. Jamani. Sponji wangu.

Bibi wa Mafia akatoka wa mwisho, anapapasa ukuta, "mnapigia nini kelele watu hawajaswali?" Tukamwambia bibi usije huku kuna jini. Hakusimama. Akainama, akanusa, akaweka mkono, kile kitu kikamzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko, akacheka mpaka tukaogopa zaidi.

"Pweza huyu! Tena jike. Mjukuu wangu, ulimtoa wapi?"

Nikamwambia kwenye chungu. Akauliza chungu chenye magamba mlangoni? Nikasema ndiyo bibi, magamba ya vikaa, wamehama. Hapo alikaa chini kabisa. Alicheka, Mama mwenye nyumba naye akaanza kwa mbali huku anajizuia, Mzee akashuka kwenye jiwe taratibu akashusha kanzu kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Nilitaka nimrudishe kwenye tanki. Nasema kweli, nilikuwa nishamzoea. Lakini bibi alishaingia jikoni kwake naye, na baada ya muda tukaanza kusikia pwa, pwa, pwa kwenye sakafu, maana pweza bila kumpiga halainiki upesi. Saa nne asubuhi nyumba nzima inanukia tui. Alikuwa mdogo, kila mtu alipata vipande viwili na mchuzi. Mzee wa namba mbili alisema yeye hawezi kula kilichomshika mguu. Saa mbili usiku akagonga kwangu, bakuli kaificha chini ya koti, anauliza kwa sauti ya chini kama ile supu imebaki, eti mgongo unamsumbua. Mgongo sawa mzee.

Yanga yupo mpaka leo, yuko na kiti cha pweza, wawili tu mle ndani. Paka nilimwomba radhi kwa dagaa.

Bamvua iliyofuata nikakibeba kile chungu nikirudishe baharini. Yule mzee yuko pale pale na mtumbwi wake. Kuniona tu, hata shikamoo hajaisubiri:

"Vipi, mwenyewe hajambo?"

Nikamwambia tulimla. Akaniuliza na nazi? Nikasema na nazi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akaninyooshea kidole kule kwenye mwamba, kuna chungu kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Kile elfu tano."

Nikatoa elfu tano. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniagiza.