Mkulima tu

Juzi nimeingia supamaketi hapa Stuttgart kununua mkate na vitunguu, nikakuta karibu na mlango meza ya maua ya vyungu. Majani manene yenye manyoya, maua ya zambarau, katikati njano. Kibao kinasema Usambaraveilchen, yuro 3.99. Usambara! Mtoto wa Lushoto nimeganda na kikapu mkononi nasoma jina la kwetu kwa Kijerumani, bibi mmoja nyuma yangu anakohoa nimpishe.

Ua lilitoka kwetu kweli. Mwaka 1892 baron Walter von Saint Paul, mkubwa wa serikali pale Tanga enzi za Mjerumani, alilipeleka kwa baba yake Ulaya, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, yaani la ukoo wa baron. Sisi tuliokuwa tukilipita kila siku tukienda kuteka maji hatukuulizwa. Lakini leo sikuja kulilia ukoloni, hilo lina wenyewe. Leo nina ugomvi na neno letu moja dogo: "tu".

Nasomea kilimo Hohenheim. Chuo kiko kwenye kasri, na simaanishi jengo zuri, namaanisha kasri la watawala wa zamani wa Württemberg. Mwaka 1815 volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia, na mwaka 1816 huku Ulaya kiangazi hakikuja. Mazao yaliozea shambani, watu wakafa njaa. Mwaka 1818 mfalme Wilhelm wa Kwanza akaanzisha hapo chuo cha kilimo, na mwaka huohuo akaanzisha sherehe ya wakulima Cannstatt, mtaa wa hapahapa Stuttgart. Ipo mpaka leo, wanasimamisha nguzo ndefu iliyopambwa kwa matunda na nafaka. Nane Nane yao, ila imemezwa na bia. Yetu imemezwa na nyama choma, kwa hiyo tusichekane.

Kwa hiyo kilimo kwao kimekaa kwenye kasri. Kwetu kilikaa wapi? Shule niliyosoma, ukichelewa namba, jembe. Ukiongea Kisambaa, jembe. Shati halijachomekewa, kalime mita kumi kwa kumi halafu urudi unionyeshe mikono. Mwalimu wa kilimo na mwalimu wa adhabu alikuwa mtu mmoja. Halafu siku ya mahafali mgeni rasmi anashika kipaza sauti, anauliza kwa masikitiko, vijana wa siku hizi kwa nini hampendi kilimo?

Mimi nilitaka udaktari. Pointi ziligoma, nikapangiwa kilimo Morogoro, na nyumbani habari ilipokelewa kimsibamsiba. Shangazi alinishika mkono: "Mwanangu, kulima si ungelima hapahapa bure?"

Sasa sikilizeni. Wiki zangu za mwanzo hapa tulipelekwa nje kutambua majani. Profesa mzima, mvi kichwani, kapiga magoti kwenye matope na lenzi jichoni, anatuonyesha kale kakiwambo kembamba panapokutana jani na shina la nyasi, maana hizi nyasi ukiziangalia juu juu zote ni moja. Akauliza nani katoka shambani. Mikono ikapanda juu kwa maringo, unadhani kauliza nani ana gari. Nikapandisha wangu. Kijana wa pembeni akaniuliza baba yako anafanya nini. Nikamjibu kwa Kijerumani changu cha kuungaunga: ni mkulima tu.

Akakunja uso. "Tu? Kwa nini tu?"

Sikuwa na jibu. Kwao mkulima ni jina unalolisotea: miaka mitatu ya mafunzo na mtihani. Kwetu ni neno la kujazia fomu. Kazi ya mzazi: mkulima. Darasa zima mkulima, maana yake hana kazi.

Najua mtu kashavua koti anataka kunijibu. "Umeona theluji mara mbili umeanza dharau. Wenzako wana ruzuku." Ni kweli wana ruzuku, na bado wanalia. Januari 2024 walipanga matrekta barabarani hadi Berlin kwa sababu ya dizeli. Mimi sijasema huku ni peponi. Na sijasema Mjerumani anamzidi baba yangu. Huyo profesa wangu mpe gunia la kabichi umpandishe mlima wa kwetu saa kumi na moja alfajiri, tutamrudisha kwa machela. Baba hana lenzi. Akigeuza jani la kiazi anakwambia ukungu unakuja, na unakuja kweli. Ndiyo maana hiyo "tu" inaniuma. Nimeitamka mimi, juu ya mtu aliyenisomesha kwa karoti.

"Basi rudi ulime." Nitarudi. Ila wewe unayeniambia nirudi, si ndiwe uliyekuwa unapiga hesabu ya matikiti kwenye grupu? Ekari moja, miche kadhaa, zidisha kwa elfu mbili, Desemba unanunua gari. Ukaenda shamba mara mbili, na miwani ya jua. Wewe ukikwama unaitwa mjasiriamali aliyepata changamoto. Baba yangu akivuna miaka arobaini mfululizo anaitwa mkulima tu.

Tena kauli mbiu hatujakosa. Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo Kwanza mwaka 2009, na uti wa mgongo tunautaja kila bajeti. Lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, imezisikia zote, dalali naye kazisikia zote.

Ua nililinunua, potelea mbali. Nikalipiga picha nikamtumia baba. Akanipigia yeye, jambo asilofanya kwa sababu ya vocha.

"Hili si lile la kwenye mawe, kule mtoni kivulini?"

"Ndilo, baba."

"Wanalila?"

"Hapana, wanaweka dirishani, wanaliangalia."

"Bei gani?"

Nikamwambia ni zaidi ya shilingi elfu kumi. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Na kabichi huko," akauliza, "wanauza kwa kichwa au kwa kilo?"