Huyo mbwa yuko kazini, muacheni

Kipofu akipita na mbwa wake hamna anayeuliza, watu wanampisha tu. Ila akiingia mtu anayeona vizuri na kutembea vizuri na mbwa wake msaidizi kavaa vesti ya kazi, minong'ono inaanza, huyu naye anaumwa nini, si mzima kabisa huyu. Hapo ndo huwa naumia, maana ugonjwa wa akili hauna bandeji, na huyo mbwa ana kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mtu mwenye PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya kupitia tukio la kutisha. Usiku linamrudia lile tukio ndotoni, anaanza kurusha miguu, anahema, jasho linamtoka. Mbwa aliyefundishwa anapanda kitandani, anamsukuma kwa pua, asipoamka anamlamba uso au anavuta shuka mpaka afumbue macho, na wapo wanaojua hata kuwasha taa. Mchana kwenye foleni anakaa nyuma yake ili mtu asimsogelee ghafla mgongoni. Hofu ikipanda mpaka pumzi inakata, anamlalia mapajani kwa uzito wake wote na ule uzito unasaidia mwili kutulia. Kuna mwingine anaanza kujikwaruza mikono bila hata kujijua, mbwa anapenyeza kichwa katikati ya mikono na hagombi, habweki, anang'ang'ania hapo hapo mpaka mikono iache. Mwenye sonona anakumbushwa dawa, alafu mbwa lazima atoke nje, kwa hiyo na yeye anatoka.

Sasa hizo ni kazi za kufundishwa, inaweza kuchukua hata miaka 2. Ndo maana sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ADA ya 1990, inamtenganisha mbwa huyu msaidizi na mbwa anayekufariji kwa kuwepo tu, huyo haingii kwenye hesabu hata kama unampenda vipi. Na kama kazi yake haionekani wazi, mwenye duka anaruhusiwa maswali 2 tu: anahitajika kwa sababu ya ulemavu? kafundishwa kufanya nini? Kukuuliza unaumwa nini au kudai makaratasi, haruhusiwi. Mi naona ni utaratibu wenye utu, na wanaowanunulia mbwa wao wa kawaida vesti mtandaoni ili waingie nao popote wanawaharibia wenye shida ya kweli, kwa sababu mbwa wao akimng'ata mtu mara moja tu, anayefuata na mbwa wa kweli anafukuzwa mlangoni.

Na jamani msimpigie mluzi, msimshikeshike. Dakika anayokuangalia wewe ndo anaweza kukosa dalili za mtu wake.

Simaanishi mbwa ni mbadala wa dawa au mtaalamu, hapana, anafanya kazi pamoja navyo. Utafiti uliotoka 2024 huko Marekani kwa wanajeshi wa zamani wenye PTSD ulionyesha kwamba baada ya miezi 3 waliopewa mbwa juu ya matibabu ya kawaida dalili zao zilikuwa nafuu kuliko za wale waliokuwa bado wanasubiri kupewa mbwa. Na 2021 ilipitishwa sheria kule ya kuwaingiza wanajeshi hao kwenye mpango wa majaribio wa kufundisha mbwa hawa. Ni jambo jema sana, ila PTSD haichagui sare. Mwanamke aliyebakwa anayo, aliyenusurika ajali ya basi anayo, na hao hawana jeshi nyuma yao la kuwadaia mbwa, wanaambiwa wakatafute hela wenyewe.