Sukumeni kigae cha dari kabla ya kuhesabu mitungi

Fomu ya ukaguzi wa moto ikirudi kutoka hospitali ikiwa imejaa tiki tupu, hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Mitungi ya kuzimia moto ipo na imepimwa. Kengele imelia. Taa za njia ya kutokea zinawaka. Mahali pa kukusanyikia pana kibao, kule kwenye maegesho ya magari. Lakini juu ya mlango unaotenganisha wodi mbili, nyuma ya vigae vya dari ambavyo hakuna mkaguzi aliyevisukuma, kuna tundu pana kama sahani. Fundi wa mtandao alilitoboa ili apitishe nyaya sita, akarudisha kigae, akaondoka. Fomu haina mstari wa tundu hilo, na moto ukiwaka ndilo litakaloua watu.

Sitii chumvi. Ofisini kengele ikilia watu huinuka na kushuka ngazi. Wodini yupo anayepumua kwa mashine, yupo aliyetundikiwa uzito mguuni, yupo mama aliyetoka kupasuliwa saa moja iliyopita, na wapo watoto njiti. Usiku zamu nzima ni wauguzi wawili au watatu. Hawawezi kumshusha kila mtu. Ndiyo maana kanuni zinazoheshimika, iwe NFPA 101 ya Marekani au mfululizo wa HTM 05 wa Uingereza, zinasimama juu ya wazo moja: mgonjwa husogezwa kwanza upande wa pili wa ukuta, kwenye ghorofa ileile, na ukuta huo unazuia moshi huku zimamoto wakifanya kazi yao. Kibao cha maegesho kinawafaa wageni na watu wa ofisi. Kwa mgonjwa mahututi hakina maana yoyote.

NFPA 101 imeweka hesabu zake wazi. Ghorofa inayolaza wagonjwa zaidi ya 30 igawanywe kwa ukuta wa moshi angalau sehemu mbili. Kwa miaka mingi kikomo cha kila sehemu kimekuwa mita za mraba 2,090 hivi, ingawa matoleo ya karibuni yamelegeza kwa masharti. Kutoka popote hadi mlango wa ukuta wa moshi isizidi mita 61, na upande unaopokea uwe na mita za mraba 2.8 kwa kila mgonjwa. Hesabu hizi zote zinategemea ukuta uwe mzima kutoka sakafuni hadi chini ya zege la ghorofa ya juu. Ukuta wa korido, jengo likiwa na vinyunyizio vya maji vya kuzima moto, unaweza kuruhusiwa kuishia darini. Ukuta wa moshi hauna ruhusa hiyo, na hapo ndipo mafundi wengi, na wasimamizi wengi pia, wanapochanganya mambo.

Historia imeshatuonyesha. Hospitali ya Cleveland, Marekani, 15 Mei 1929: filamu za eksirei zilizohifadhiwa chini ya jengo ziliungua, gesi ya sumu ikapanda juu kupitia njia za mabomba, watu 123 wakafa. Hospitali ya Kolkata, India, Desemba 2011: moto ulikuwa chini ya ardhi, mahali palipogeuzwa stoo, lakini waliokufa, zaidi ya watu 80, wengi wao walikuwa wagonjwa waliolala ghorofa za juu, mbali na miali. Moshi ndio uliowafikia. Imepita miaka 82 kati ya misiba hiyo miwili, na bado tunaweka tiki kwenye mitungi.

Tuongee kuhusu tundu lenyewe, maana hata anayejua kwamba lipo mara nyingi huliziba vibaya. Kwanza pima nafasi kati ya bomba na ukingo wa tundu. Kisha chagua mfumo wa kuzibia uliojaribiwa kwa ukuta wa aina hiyo, bomba la aina hiyo na nafasi ya upana huo. Kilichojaribiwa kwenye zege hakihamishwi tu kwenye ukuta wa bodi za jipsam. Safisha vumbi. Shindilia pamba ya madini kwa kina kilichoandikwa, upake lakiri ya moto, yaani gundi nzito ya kuzuia moto, kwa unene ulioandikwa, na ukuta ukiwa wa jipsam uzibe pande zote mbili. Bandika lebo yenye namba ya mfumo, tarehe na jina la kampuni iliyoziba, kisha piga picha. Bomba la plastiki lina shida yake: moto ukilifikia linayeyuka na kuacha tundu wazi, hata kama uliziba kwa ustadi kiasi gani kulizunguka. Hilo linataka kola ya chuma yenye kitu kinachovimba kwa joto na kulibana bomba mpaka lifunge. Nyaya nazo ganda lake huungua, kwa hiyo lakiri isiyovimba itaacha upenyo kila mahali waya ulipopita. Na kama unajua nyaya zitaongezwa kila mwaka, na hospitalini huongezwa kila mwaka, weka bomba fupi la chuma la kupitishia nyaya na vifuko laini vya kuzuia moto vinavyotolewa na kurudishwa, usimlazimishe fundi kutoboa upya.

Povu la kawaida la dukani, lile la kujazia fremu za madirisha, linawaka, na moshi wake ni sumu. Limejaa juu ya dari za hospitali. Hata lile jekundu au la pinki lenye picha ya mwali kwenye kopo lina mipaka ya jaribio lake: tundu la ukubwa gani, ukuta wa unene gani. Anayeziba kwa kutazama rangi ya kopo hajaziba kitu.

Dawa ya ugonjwa huu ni nyepesi kiasi kwamba inauma kuona haitumiki: kibali cha kazi juu ya dari. Ukurasa mmoja unatosha. Nani anafungua dari, wapi, ukuta gani unaguswa, picha kabla na picha baada. Mtu wa mtandao, wa viyoyozi, wa kamera, wa gesi ya tiba, wote wakichukue. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka picha ya baada ionekane na mtu wa usalama apande ngazi kuithibitisha. Pamoja na hayo, andikeni kwa rangi kubwa kwenye ukuta wenyewe juu ya dari, kila baada ya mita chache: UKUTA WA MOSHI, ZIBA KILA TUNDU. Fundi hasomi michoro iliyofungiwa kabatini. Anasoma kilicho mbele ya macho yake akiwa juu ya ngazi na drili mkononi.

Dampa, yaani vibao vya chuma vinavyojifunga ndani ya mifereji ya hewa moto ukiwaka, zina hadithi ileile. Kanuni inataka zijaribiwe mwaka mmoja baada ya kusimikwa, halafu kwa hospitali kila miaka 6. Ukifungua utakuta nyingine zimefungwa kwa waya zisishuke, na nyingine hazina hata kidirisha cha kuzifikia.

Sasa milango. Kabari ya mbao chini ya mlango wa moto inajulikana kila mahali, na muuguzi ndiye anayelaumiwa. Si haki. Mtu anayesukuma kitanda kwa mikono yote miwili mara arobaini kwa zamu atauegemeza mlango, na ningefanya hivyohivyo. Mpeni sumaku iliyounganishwa na kengele ya moto: mlango unakaa wazi siku nzima, kengele ikilia sumaku inaachia na mlango unajifunga. Kisha mlango upimwe kila mwaka kwa mkono, maana macho peke yake hayatoshi. Ufungue hadi mwisho, uachie. Ufungue nusu, uachie. Kote lazima ujifunge na kitasa kiingie bila kusukumwa. Pengo la pembeni na juu liwe karibu milimita 3, la chini lisizidi 19. Milango ya mabawa mawili yenye ukingo unaopishana hukwama kwa sababu bawa lisilostahili linatangulia kujifunga, kwa hiyo angalieni kifaa cha kupanga zamu zao, nacho hukatika mapema. Kwenye hospitali ya Hartford, Marekani, mwaka 1961 moto ulioanzia kwenye mfereji wa taka ulifoka ghorofa ya 9 na kuua watu 16. Kwenye ghorofa hiyohiyo walikuwapo watu waliobaki hai kwa sababu mlango wa chumba chao ulikuwa umefungwa. Milango ya kawaida ya vyumba.

Haya, nitakubali: mtungi wa kuzimia moto una kazi yake. Moto wa pipa la taka dakika ya kwanza unazimwa na mtungi mmoja na mtu aliyefundishwa. Utazameni kila mwezi. Lakini usichukue nusu ya fomu.

Oksijeni inahitaji makala yake, kwa hiyo nitasema machache. NFPA 99, kanuni nyingine ya Marekani, inaruhusu mita za ujazo 8.5 tu za gesi kukaa wazi ndani ya sehemu moja iliyotengwa na kuta za moshi, yaani mitungi midogo ya aina ya E ipatayo 12; zaidi ya hapo iwe na chumba chake, iliyojaa mbali na mitupu, yote imefungwa isianguke. Baghdad, Aprili 2021, zaidi ya watu 80 walikufa kwenye hospitali ya wagonjwa wa korona baada ya mitungi kulipuka. Na kila muuguzi mkuu wa zamu ajue valvu ya kufunga oksijeni ya wodi yake iko wapi, na ajue wagonjwa gani watahitaji mtungi wa mkononi kabla hajaizungusha.

Jenereta ya dharura ijaribiwe dakika 30 kila mwezi, kwa mzigo usiopungua asilimia 30. Kuiwasha tupu bila mzigo hakuhesabiki.

Limebaki zoezi la moto. Kanuni inataka moja kila robo mwaka kwa kila zamu, na la usiku ndilo linaloghushiwa kwa kuwasainisha watu asubuhi. Lifanyeni kweli, saa nane usiku, na wauguzi waliopo, bila kuongeza mtu. Wekeni mfano wa mgonjwa kitandani, na dripu na mtungi wake, wampitishe mlango wa ukuta wa moshi huku saa ikihesabu. Tazameni kama kitanda kinapita bila kukwaruza toroli zilizoegeshwa koridoni, na kama upande wa pili pana soketi na oksijeni ya kumuunganisha. Mlango ukijirudisha nyuma yao, mmoja abaki asikilize kitasa. Kisipobofya, zoezi halijaisha, na fundi aitwe usiku uleule.